Je, vifupisho vya mtandaoni vinaidhoofisha lugha ya kila siku?

Swali: Vifupisho vya mtandaoni sasa husikika hata katika mazungumzo ya ana kwa ana. Je, vinaidhoofisha lugha?

Jibu la 1: Sidhani. OMG (kifupi cha Kiingereza cha “Oh my God”, yaani “Mungu wangu”) iliandikwa mwaka 1917 katika barua ya Admirali John Fisher wa Uingereza kwa mwanasiasa Winston Churchill, na miongo mingi baadaye ujumbe mfupi wa simu, uliokuwa na ukomo wa herufi 160, ukawazoesha watu kubana maneno. Ukomo umelegea, mazoea yamebaki.

Jibu la 2: Naongezea kwamba LOL (“laughing out loud”, yaani kucheka kwa sauti) siku hizi huandikwa na wasiocheka kabisa, ili kulainisha kauli tu.

Jibu la 3: Ndugu, ninayemhofia ni yule anayeviingiza katika barua ya kuomba kazi bila kuona tofauti.