Wasomaji wa Sinza: gumzo la maadui wa meza mbili

Neema, 19:42
Shikamooni wakubwa. Wengine habari za jioni. Ile simulizi ya ofisini nimeshaipangia sehemu 40, kila sehemu maneno kama 900, nitaileta humu kila Jumanne na Ijumaa. Tunu na Idrisa ni maafisa wa kampuni ya uwakala wa forodha, wale wanaowatolea wateja mizigo bandarini, wanagombea cheo kimoja, hawaivi chungu kimoja, baadaye wanapendana. Kabla sijaanza naomba mniambie: visa vya aina hii mnavipendea nini? Na mkiviacha katikati, huwa vimewakosea wapi?

Bi Salma, 19:47
Marahaba mwanangu. Kinachotushika ni kwamba adui anatazamwa. Ukiulizwa rafiki yako juzi alivaa nini kazini, hukumbuki. Adui yako unamjua mpaka kifungo cha shati kilichokatika. Msomaji analiona hilo mapema, mhusika mwenyewe bado anaapa kwamba hamtaki. Raha iko hapo: unaijua siri ya mtu na yeye hajaijua.

Mwalimu Kibwana, 19:53
Bi Salma umepiga penyewe. Tazameni riwaya ya *The Hating Game* ya Sally Thorne, ya 2016. Lucy na Joshua ni wasaidizi wa wakuu wawili wa kampuni ya kuchapisha vitabu, iliyozaliwa baada ya kampuni mbili kuunganishwa. Meza zao zinatazamana kutwa nzima. Lucy anasema anamchukia Joshua, ila anajua mpangilio wa rangi za mashati yake kwa siku za wiki. Mwandishi hasemi "alianza kumpenda". Anaweka mashati, basi.

Tena kinasimuliwa kwa nafsi ya kwanza, Lucy peke yake. Joshua tunamwona kwa macho ya mtu mwenye kinyongo, kwa hiyo kazi ya kumsoma upya inabaki kwetu.

Neema, 19:55
Kwa hiyo nisiingie kichwani mwa Idrisa kabisa?

Mwalimu Kibwana, 19:59
Chagua moja na ulishike. Ukibaki na Tunu, Idrisa anakuwa fumbo na taharuki inakaa muda mrefu. Ukipokezana, sehemu moja Tunu, inayofuata Idrisa, fumbo linakufa, lakini unapata kitu kingine: tukio lilelile limesomwa vibaya na kila upande. Usichanganye vichwa viwili ndani ya sehemu moja. Watu wanasoma kwenye simu wamesimama ndani ya daladala. Wakishindwa kujua nani anawaza nini, hawarudi juu kutafuta.

Zuhura, 20:01
Mimi kitabu nakiweka chini chuki ikikosa sababu. Wanakutana kwenye lifti, anamwagiwa kahawa, basi uadui kurasa 300. Hapana jamani.

Hamisi, 20:08
Sababu iwe ya kazi, na kila mmoja awe na haki yake. Neema, uwakala wa forodha unakupa sababu hizo bila kuhangaika. Kontena likishushwa, kampuni ya meli inatoa siku kadhaa za bure. Zikipita, mteja anatozwa kwa kila siku anayochelewa kulirudisha, na bandari nayo ina tozo yake ya kuhifadhi. Kwa hiyo saa inagonga tangu sehemu ya kwanza.

Sasa Tunu anataka TANSAD, yaani hati ya kutamka mzigo forodhani, ya mteja wake itumwe leo, kesho siku za bure zinaisha. Idrisa anaikagua, anakuta ankara ina katoni 480 na orodha ya upakiaji ina katoni 460. Anakataa isiende. Ikienda hivyo na mkaguzi akafungua kontena, mzigo unasimama na mteja anakabiliwa na faini. Tunu anaona mwenzake anamhujumu apoteze mteja kabla ya uteuzi. Idrisa anaona Tunu anacheza na leseni ya kampuni. Mwambie msomaji achague upande hapo, hawezi.

Bi Salma, 20:10
Na asiweze! Akishachagua upande, yule mwingine ni mtu mbaya tu, na mtu mbaya hatumwozeshi binti yetu.

Mwalimu Kibwana, 20:17
Hamisi amegusa jambo la pili, nalo ndilo linalotenganisha kisa cha ofisini na visa vingine vya mahaba: kazi yenyewe lazima ionekane. Heshima inaingia kupitia ustadi. Mtu unaweza kumchukia na bado ukashindwa kukana kwamba anaijua kazi yake. Huo ndio ufa wa kwanza ukutani.

Kuna tamthilia ya Miklós László, *Parfumerie*, ya Budapest 1937. Ernst Lubitsch akaifanya filamu Marekani mwaka 1940, *The Shop Around the Corner*. Wafanyakazi wawili wa duka moja hawapatani, na hawajui kwamba kwenye barua zisizo na majina ni wao hao wanaoandikiana kwa upendo. Kwenye filamu, Klara anaingia dukani kutafuta kazi. Mwenye duka amependa kasha la sigara linalopiga muziki likifunguliwa, Kralik, muuzaji wake mkuu, amesema halifai. Klara analichukua na kumwuzia mteja kama kasha la peremende: muziki utamkumbusha asile nyingi. Ameajiriwa papo hapo. Kwa kitendo kimoja tumeona ni hodari, na tumeona kwa nini Kralik hatamsamehe upesi. Neema, tafuta tukio lako la kasha.

Neema, 20:19
Nafikiri ni zile katoni 20. Tunu anapiga simu kwa msafirishaji usiku, anagundua katoni 20 zilipakiwa kwenye kontena la pili. Idrisa alikuwa sahihi kuzuia. Ila aliyepata jibu ni Tunu.

Hamisi, 20:20
Hiyo inakubalika kabisa kikazi. Nyaraka zirekebishwe kwanza, mzigo utoke ndani ya muda. Asiruke hatua ya marekebisho, wasomaji wa bandarini tutakukamata.

Zuhura, 20:26
Tuje kwenye maneno. Hapa ndipo Kiswahili kina utajiri na waandishi wetu wengi wanaupoteza kwa kuwafanya wahusika wapige kelele. Sisi tuna kijembe, tuna fumbo, tuna kanga inayosema badala yako. Ugomvi wa ofisini haupigi kelele kwa sababu kuna wateja na kuna bosi. Unavaa adabu. Silaha kali kuliko zote ni barua pepe yenye nakala kwa meneja. Kwa mfano:

"Ndugu Idrisa, rejea barua pepe yangu ya saa 3:15 asubuhi, ambayo naamini umeiona, maana wewe huoni kosa likakupita. Nakala: Meneja."

Naye anajibu:

"Bi Tunu, nimeiona. Katoni 20 ndizo bado sijaziona."

Mistari miwili, na unajua hawa watu watamalizana kwa ndoa.

Bi Salma, 20:27
😂 Hilo la katoni nimelipenda!

Zuhura, 20:34
Mpaka wa kijembe nao uwepo. Kiguse kazi, au tabia ambayo mtu amejichagulia: uchelewaji, ukaidi, kujiona. Kisiguse kabila, umbo, umaskini wa kwao wala marehemu. Ukivuka hapo hata mara moja, sehemu ya 30 anapoomba msamaha msomaji anakumbuka bado. Pia wapigane kwa nguvu sawa. Ukihesabu majibizano matano na Idrisa ameshinda yote, huo si ushindani, ni uonevu.

Na tumia majina ya kuitana. Wazungu wanahangaika kuonyesha ukaribu unavyokua, sisi tumepewa bure. Anaanza na "Ndugu Idrisa" na "Bi Tunu". Mbele ya wateja "mwenzangu", na lina chumvi ndani yake. Halafu siku moja kuna dharura, gari la mizigo limekwama getini, anaita "Tunu!" bila Bi. Usilieleze. Usiandike kwamba moyo wake ulidunda. Sehemu inayofuata Tunu amkumbushe kwa ukali, "Bi Tunu." Kisha kaa sehemu tatu nzima kabla hajamruhusu.

Neema, 20:36
Naandika haya yote. Sasa kwenye mpango wangu wanabusiana sehemu ya 8. Ni mapema?

Mwalimu Kibwana, 20:38
Mapema mno.

Mwalimu Kibwana, 20:47
Pima kwa Jane Austen. Riwaya yake *Pride and Prejudice*, 1813, haina ofisi, lakini visa vya maadui wanaopendana bado vinakatwa kwa mkasi wake. Ina sura 61. Darcy, bwana tajiri, anamdharau Elizabeth, mhusika mkuu, kwenye dansi sura ya 3. Anamposa sura ya 34, kwa kiburi, na anakataliwa. Barua yake ya kujieleza iko sura ya 35. Yaani kupinduka kwa mambo kumewekwa kidogo baada ya nusu, na kunaanza kwa kushindwa. Kwako sehemu 40, huo ni mlango wa sehemu ya 22 au 23.

Angalia pia Elizabeth anavyobadilika. Barua anaisoma kwa hasira, anairudia, anaanza kuona alipokosea yeye. Chuki haifutwi kwa siku moja. Inapita vituo: kwanza heshima ya shingo upande, kisha udadisi, kisha siri moja ambayo wawili hao wanailinda pamoja dhidi ya ofisi nzima, ndipo mwili unakubali kilichokubaliwa na akili. Ukikiruka kituo cha siri, msomaji anahisi amedanganywa bila kujua wapi.

Bi Salma, 20:50
Na ugonjwa usisahau. Mmoja aumwe, mwingine amletee uji. Mtu mwenye homa hana silaha mkononi.

Mwalimu Kibwana, 20:52
Kweli, Thorne naye amefanya hivyo, Lucy anaugua na Joshua anamuuguza. Linafanya kazi kwa sababu uliyoisema. Ila liwe moja tu katika simulizi nzima. Homa, kisha ajali, kisha kukwama kwenye mvua, hapo matukio yanafanya kazi ambayo ilikuwa ya wahusika.

Joyce, 20:58
Samahani nimechelewa, nimesoma kuanzia juu. Neema, nakuomba wabaki sawa kwa cheo mpaka mwisho. Kwenye kazi za rasilimali watu hili si mchezo. Hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inahesabu unyanyasaji kazini kuwa aina ya ubaguzi na inaupiga marufuku. Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 6, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na tamko la sera dhidi ya unyanyasaji wa kingono. Idrisa akiwa ndiye anayesaini likizo ya Tunu, kijembe chake si kijembe tena, ni amri. Na "ndiyo" ya Tunu hatuwezi kuiamini.

Zuhura, 21:01
Lakini Joyce, riwaya za bosi na mfanyakazi wake zinasomwa sana, na wanaozisoma ni wanawake wazima wenye akili zao.

Joyce, 21:05
Zinasomwa, sibishi. Zilizoandikwa vizuri zinauvua ule uwezo kwanza: anahamishiwa idara nyingine, au aliye chini ana kazi mpya mkononi, ndipo mkono unashikwa. Ninachopinga ni kuuacha uwezo pale pale na kuuita mapenzi.

Halafu ona, hilo hilo ndilo kikwazo bora kwa Neema. Wanagombea umeneja wa uendeshaji. Atakayeshinda anakuwa mkubwa wa mwenzake. Kadiri wanavyopendana ndivyo ushindi unavyowatenganisha. Huhitaji mchumba wa zamani kutoka Dodoma.

Hamisi, 21:06
Wala ile ya kumwona amekumbatia mtu kumbe ni dada yake. Hiyo inaisha kwa simu ya dakika moja, na msomaji anajua.

Neema, 21:08
Basi mwisho unakuwaje? Nilipanga Tunu ajiuzulu waoane.

Zuhura, 21:09
Neema!

Bi Salma, 21:11
Hapana mwanangu. Sehemu 40 tunamwangalia anahesabu katoni usiku, halafu unamrudisha nyumbani? Mimi nitalia kwa hasira.

Joyce, 21:14
Kwenye *The Hating Game* Joshua ndiye anayejiuzulu na kwenda kampuni nyingine, bosi na mfanyakazi wasiwepo kabisa. Inaridhisha kwa sababu ameamua mwenyewe, na Lucy anabaki kushindana na watu wengine, hapewi zawadi.

Zuhura, 21:16
Mimi bado nasema kuondoka kwa mmoja ni njia rahisi. Washindane mpaka usaili, Tunu apate kwa haki, Idrisa aumie kweli. Nataka nimwone mwanamume aliyeshindwa na mwanamke anayempenda anakaa siku tatu na maumivu yake bila kumnunia. Ndipo aondoke.

Hamisi, 21:19
Pa kwenda papo. Kampuni hizi zina ofisi Tanga, na kuna kazi za bandari kavu. Anahamia huko kwa cheo chake mwenyewe, anayemsimamia ni mkurugenzi, si Tunu. Kikazi inaingia akilini.

Mwalimu Kibwana, 21:22
Nipo na Zuhura. Siku zile tatu zipe sehemu mbili nzima, ya 36 na ya 37. Wengi wanazikimbiza kwa sababu wameshachoka, na ndizo zinazothibitisha kwamba chuki imekwisha.

Neema, 21:31
Nimebadilisha. Busu sehemu ya 24, siri ya pamoja sehemu ya 17, usaili 35, Tanga 38. Mwanzo wa sehemu ya 1 nimeuandika sasa hivi:

"Saa mbili kasoro dakika nne, Ndugu Idrisa aliketi kwenye meza inayotazamana na ya Tunu. Shati la kijivu, la Jumatano. Kifungo cha pili kutoka juu kilikuwa kimeshonwa kwa uzi mweusi. Jana kilikuwa hakipo. Tunu alimchukia sana mtu huyu."

Bi Salma, 21:34
Nzuri mno. Sentensi ya mwisho itoe. Kifungo kinatosha.

Neema, 21:35
Nimeitoa.