Kamera ya mfukoni imekufa kioo: niweke kipya, ninunue mbovu nitoe spea, au niachane nayo?

MwanaChumbageni: Wakuu habari za jioni. Nina kikamera changu cha mfukoni cha enzi zile kabla simu hazijatutawala, juzi kwenye harusi ya binamu kimenichoropoka kikadondokea sakafuni. Nikiwasha lenzi inatoka vizuri, mlio upo, flashi inapiga, ila kioo cheusi tii kama sufuria ya mkaa. Fundi wa kwanza anataka elfu 70, kioo kipya na ufundi. Wa pili anasema nitafute mbovu ya modeli hiyohiyo atoe kioo humo. Shemeji yeye anacheka tu, eti kwa elfu 90 napata nyingine ya mtumba nzima. Nyie mngefanyaje?

fundi_bisibisi: Pole mkuu. Usitoe hata mia kabla hujajua kilichokufa ni nini. Piga picha tatu hivyohivyo kwa kubahatisha, toa memori kadi tia kwenye kompyuta. Zikiwa safi basi sensa, kile kijicho cha ndani kinachonasa picha, ni nzima, tatizo ni kioo au ule utepe wake wa fleksi unaokiunganisha na kamera. Zikiwa nyeusi au za zambarau zenye mistari, kioo unakionea bure, hata uweke kipya utaona yaleyale. Halafu ingia gizani, washa kamera, mulika kioo na tochi ya simu kwa ubavuni. Ukiona menyu kama kivuli ujue kioo kinachora, kilichozima ni taa yake ya nyuma.

BibiKamera: Kabla ya tochi bonyeza kwanza kitufe cha DISP mara mbili tatu!! Mie nilishampelekea fundi kamera nzima kabisa kumbe mtoto kazima kioo, yule kaka kabonyeza mara moja akanirudishia, hela ya soda nikatoa kwa aibu tu. Na chungulia tundu la waya wa TV, kuna kamera zikihisi kitu humo zinadhani ziko kwenye TV zinazima kioo zenyewe.

mzee_wa_negativu: Hapo kwenye zambarau nakazia. Mwaka 2005 kampuni kadhaa zilitangaza kutengeneza bure kamera zenye sensa zenye kasoro, na joto na unyevu ndivyo vilivyokuwa vinaziharakisha, sasa sisi wa pwani je? Kwa hiyo hiyo elfu 90 ya shemeji, ukienda kununua ya miaka hiyo piga picha hapohapo dukani, usidanganyike na kioo kuwaka.

MwanaChumbageni: Nimerudi. DISP wapi, nimebonyeza mpaka kidole kinauma. Picha zimetoka safi, moja ni ya kidole chenyewe. Tochi nimemulika, naona alama ya betri na kile kimraba cha fokasi kwa mbaaali. Skrubu naona sita tu, nifungue mwenyewe?

fundi_bisibisi: Acha kabisa! Kapasita ya flashi, kile kitunza umeme chake, inabeba volti kama 300 na betri ukitoa inabaki na chaji, mimi imenipiga mara mbili, ya pili bisibisi iliruka hadi kwa jirani. Mpe fundi afungue aangalie kwanza kama fleksi imechomoka kwa ule mdondoko, ikiwa hivyo inarudishwa bila spea yoyote unalipa ufundi tu. Ikiwa taa imekufa, mimi niko na fundi wa pili, tafuta mbovu iliyokufa lenzi, kioo chake mara nyingi kizima na taa inakuja nacho. Ila isizidi elfu 20, na namba ya modeli ilingane mpaka herufi ya mwisho, fleksi zinatofautiana.

BibiKamera: Au iache ilivyo mwaya, kama ina kale katundu ka kuchungulia. Kioo ndicho mla chaji, bila yeye betri inakaa siku nzima. Ukitaka kubadili saa chomeka waya wa AV uione kwenye TV.

MwanaChumbageni: Katundu kapo ila vumbi tupu, nimechungulia nimeona kama ukungu wa Lushoto. Kesho naenda kwa fundi wa pili, afungue nikiwa nimesimama palepale. Shemeji bado anacheka.