Mwenye sukari aachane na ugali? Tujadili

Mwanzisha mada: Wakuu, salaam. Mtaani kwetu siku hizi ukiwa na sukari, kitambi au hedhi inayoruka miezi, ushauri ni mmoja tu: achana na wanga. Ugali, wali, chapati, hata embe, marufuku. Kula nyama, mayai na parachichi, na usitie kitu mdomoni mpaka saa saba mchana. Mama yangu mdogo yuko mwezi wa tatu. Kapungua, vipimo vimeshuka, naye kajiamulia kufungia vidonge kabatini. Mimi nasema anayetumia dawa asianze mlo huu bila daktari wake kujua. Nani anapinga?

Mchangiaji 1: Mimi napinga. Miaka sita kliniki wananiambia kula dona kidogo kidogo, na sukari haikutii. Nilipoacha wanga ikashuka. Uingereza kuna utafiti wa DiRECT, matokeo yalitoka 2017: waliowekwa kwenye mlo wa kalori kama 850 kwa siku, baada ya mwaka mmoja, 46 kati ya kila 100 hawakuwa tena kwenye viwango vya kisukari, na hawakuwa wakimeza dawa yake. Sasa huyo daktari wa nini?

Mchangiaji 2: Mkuu, huo utafiti unakukata mwenyewe. Miezi ile ya mwanzo hawakula nyama wala parachichi. Walikunywa supu na maziwa ya kukoroga, na zaidi ya nusu ya kalori zake zilikuwa wanga! Kilichowasaidia ni kupungua: waliopoteza kilo 15 au zaidi, 86 kati ya 100 walifanikiwa. Tena hawakuchukuliwa wanaochoma insulini wala waliougua zaidi ya miaka sita. Dawa waliachishwa siku ya kwanza, ndiyo, lakini na kliniki, iliyoendelea kuwapima.

Mimi ni nesi, na ninaowaona wakiletwa hoi mara nyingi si walioacha vidonge. Ni wanaomeza glibenklamidi, kidonge cha sukari, asubuhi kisha wanashinda njaa. Dawa hiyo inasukuma sukari chini, ule usile. Metformin, kidonge kingine cha sukari, ikiwa peke yake ni nadra kufanya hivyo. Na mwenye kisukari aina ya kwanza akiacha insulini, siku chache tu damu inajaa asidi. Hapo hakuna parachichi litakalomwokoa.

Mchangiaji 3: Na nyama ya kila siku nani anaimudu? Punguza tonge, ongeza mchicha, dagaa na maharage. Hiyo haihitaji semina ya kulipia.

Mchangiaji 4: Mimi nina vivimbe kwenye ovari. Niliuziwa siki ya tufaha, nikauziwa mbegu za maboga za "kusawazisha homoni", mwaka mzima kimya. Hedhi ilirudi nilipotoka kilo 92 hadi 85, na wali nilikuwa nakula, ila sahani ya mtoto. Wifi zangu walicheka sana ile sahani.

Mwanzisha mada: Nesi, umenitisha kwa upande nisioutegemea. Nimekwenda kufungua kabati: glibenklamidi na metformin, na cha presha nacho kimo humo humo! Mama mdogo amekubali twende wote kliniki Alhamisi, kwa sharti nisimtajie ugali njiani.