Mrejesho: kipima upepo cha mkononi kilichosoma sifuri

Wadau, niliuliza kwa nini kipima upepo changu kinasoma sifuri kwenye upepo mdogo, wakati cha mwenzangu pembeni kinasoma mita 2 kwa sekunde. Tunavitumia saiti, kabla ya kunyanyua mabati.

Aliyesema "tazama sumaku" alipiga palepale. Ndani ya kipangaboi, kile kifeni kinachozungushwa na upepo, kuna kasumaku kadogo. Kila kanapopita mbele ya sensa inahesabika mara moja, na hesabu hiyo ndiyo inageuzwa kuwa kasi. Sasa saiti kuna grinda kutwa nzima. Unga wa chuma ulikuwa umenasa kwenye kile kitovu kama ndevu, unakwaruza fremu. Kupuliza hakukusaidia kitu. Selotepu ndiyo iliutoa, kwa kubandika na kubandua taratibu. Mafuta sikutia, maana yangekusanya vumbi zaidi.

Na yule aliyeuliza kama simu inaweza kukisumbua: nimejaribu. Kava ya simu yenye sumaku ikisogezwa karibu, kipangaboi kinagoma upande mmoja, kinatikisika tu. Upepo mkali unakizungusha hata hivyo, kwa sababu kasi ikizidi mara 2 msukumo unazidi mara 4. Ndiyo maana tatizo lilijificha, upepo wa mchana ulisomeka sawa kabisa. Kwa wenye modeli zenye dira ndani, sumaku hiyo hiyo inapotosha na mwelekeo.

Sasa viwili vinasoma karibu sawa. Changu kinakaa kwenye kiboksi cha plastiki, mbali na meza ya grinda.