Naomba ushauri: alama saba kati ya wasailiwa wawili

Ndugu zangu, salamu kutoka Mwanza. Ninasimamia ofisi katika kiwanda cha minofu ya sangara chenye wafanyakazi 120, na wiki iliyopita tulisaili waombaji wa ukarani wa mapokezi, yaani mtu wa kuandika uzito wa samaki wanaoshushwa. Kijana mmoja alipata alama 68, na binti mwenye ualbino akapata 61. Nilimwona binti huyo akiinua karatasi hadi ikakaribia kugusa pua, kisha akahamia dirishani kutafuta mwanga. Muda ulipokwisha, maswali mawili ya mwisho alikuwa hajayafikia. Meneja anataka tumchukue kwa sababu hatuna mfanyakazi hata mmoja mwenye ulemavu, lakini wenzangu wanauita huo upendeleo. Nifanyeje nisimdhulumu yeyote?

Mkazi wa Kirumba: Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 ya watu wenye ulemavu. Kwenu ni watu wanne, nanyi hamna hata mmoja. Meneja wako hatoi hisani, analipa deni.

Baba Nyakato: Na huyo wa 68 akiwa mtoto wa mvuvi aliyesomeshwa kwa fedha za dagaa, nani atamlipa? Hata Marekani, mwaka 2023 Mahakama ya Juu ilivizuia vyuo kupendelea waombaji kwa rangi zao.

Mwalimu wa Ilemela: Baba Nyakato, uchungu wako ni wa haki, ila hukumu ile ilihusu rangi katika udahili wa vyuo, na hapa tunazungumzia karatasi iliyopima macho badala ya hesabu. Baraza la Mitihani huwaandalia watahiniwa wenye uoni hafifu maandishi makubwa, nanyi mngeweza kufanya hivyo. Dada, wapime upya wote wawili, yeye kwa maandishi makubwa na muda wa ziada, kisha mjaribuni kwenye mizani yenyewe, kwa kuwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaruhusu kuzingatia sifa ambayo kazi haifanyiki bila hiyo.

Muulizaji: Asante, mwalimu. Mizani yetu ina kioo kidogo, lakini fundi amesema namba zake zinaweza kuonekana kwenye kompyuta kwa ukubwa wowote. Nimewapigia wote wawili simu, warudi Jumatatu.