Nimeitwa kujaribiwa dawa mpya ya kuacha pombe, niende?

Mtu wa Chang'ombe: Wakuu, heshima kwenu. Kuna utafiti hapa Dodoma wa dawa mpya ya kuacha pombe, natakiwa nilazwe siku nane. Wanapima usalama kwanza, kama inaponya au la ni baadaye. Fomu ina kurasa kumi na mbili, nimesoma mbili. Kinachoninyima usingizi: siku ya tano napewa dawa na POMBE juu yake, wao wananitazama. Ni sawa kweli? Naripoti Ijumaa.

Binti Kondoa: Kuacha ni kuamua. Baba yangu mdogo aliacha wanzuki siku alipomkalia mwenyekiti wa kijiji mapajani akidhani ni kigoda. Kidonge hakumeza hata kimoja.

Nesi Mstaafu: Mdogo wangu, hiyo ni kawaida. Mlevi hataacha siku anayopewa dawa, ataishushia na bia, kwa hiyo lazima ijulikane presha na pumzi zitakuwaje. Disulfiram, dawa ya kuacha pombe iliyoruhusiwa Marekani 1951, ukiinywea pombe uso unawaka, moyo unakwenda mbio, unatapika. Ulizia kibali cha NIMR, wale wa utafiti wa tiba, na cha TMDA, wanaodhibiti dawa. Kuna dawa nyingine unatumia?

Mtu wa Chang'ombe: Vibali wamenionyesha mama. Dawa situmii.

Nesi Mstaafu: Umejibu haraka. Ukikosa pombe siku mbili unakuwaje?

Jamaa wa Kizota: Samahani, pombe yenyewe wanatoa ya aina gani?

Mtu wa Chang'ombe: Haya. Pasaka nilijaribu kuacha, siku ya pili nikaanguka, nikatoa povu. Tangu hapo nameza fenobabitali, dawa ya kuzuia degedege. Kwenye usaili nilisema sina tatizo lolote. Ila msinihukumu, miezi mitatu sijaanguka, na Jumatano naziacha ili damu iwe safi. Halafu ile hela ya usumbufu nimeshaikopea samadi ya zabibu kule Hombolo.

Nesi Mstaafu: Damu haiwi safi! Hiyo dawa inakaa mwilini siku nyingi, na kuikatisha ghafla ndiko kunakoita degedege. Ukiichanganya na pombe, zote mbili zinalaza ubongo, pumzi inaweza kukata. Na ukianguka wodini itasingiziwa dawa yao.

Bajaji Area D: Hii chai, tena ya rangi. Mwezi wa pili huyuhuyu alikuwa mlokole asiyeonja kitu, anatafuta mchumba Mpwapwa. Leo ana kifafa na shamba la zabibu.

Mtu wa Chang'ombe: Ule uzi nilimwandikia mdogo wangu.

Binti Kondoa: Mchumba alipatikana?

Bajaji Area D: Weka picha ya fomu basi.

Mtu wa Chang'ombe: Ina jina langu, siweki.

Nesi Mstaafu: Chai au uji, mie nimeuguza walioanguka. Kesho, usingoje Ijumaa, mpigie daktari wa utafiti umwambie kila kitu. Na dawa zako usiache.

Mtu wa Chang'ombe: Nikisema wataniengua.

Nesi Mstaafu: Watakuengua, ndiyo.

Mtu wa Chang'ombe: Samadi imeshamwagwa, mama.

Jamaa wa Kizota: Akienguliwa, nafasi anaichukua nani? Mimi nipo tu hapa.