Tupeane uzoefu: Kiingereza cha "macho makavu" kimeshawahi kukuponza?

Wakuu, mbukwenyi.

Nina steshenari ndogo hapa Majengo, Dodoma. Natoa kopi, nachapa, na kwa kuwa Kiingereza nilikipenda tangu shule, watu huniletea hadi barua za kutungiwa. Mwezi uliopita alikuja kijana anayetafuta kazi. Bosi wake wa zamani alikubali kumsainia barua ya kumpendekeza, ila kuiandika ikawa juu yangu. Kijana akanisimulia kwamba akiwa kwenye mafunzo kwa vitendo aliwahi kusimama katikati ya kikao akamwambia mkurugenzi hesabu zake zina kosa, na kosa likaonekana kweli. Nikasema hapa ndipo pa kumpamba. Nikaandika: he had the audacity to correct the director.

Kichwani mwangu audacity ni ujasiri, basi. Barua ikarudi haina saini. Neno lile limepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu, na pembeni pameandikwa: "Unamsifu au unamshtaki?"

Nimelifuatilia neno lenyewe. Limetoka kwenye Kilatini, audere, kuthubutu, na peke yake halina ubaya. Mpango ukiitwa audacious umepewa sifa. Ila likikaa kwenye "had the audacity to" ni kama sisi tunavyosema "eti akathubutu kumsahihisha mkurugenzi!" Ile "eti" imo humo ndani, haionekani kwa macho.

Haya, wenzangu yamewakuta yapi?

Dereva wa Kondoa
Mkuu, mimi liliniponza neno nerve. Nilimpeleka bibi mmoja Mwingereza, miaka sabini na ushee, kuona michoro ya miambani kule Kolo, ile iliyoingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006. Gari inafika mahali inaishia, panapobaki ni miguu na mawe, na jua lenyewe la saa nane. Nikampa mkono, akaukataa. Akavua kofia, akaibana kwa meno, akapanda kwa magoti na viganja kama mtoto anayetambaa. Alipofika juu nikapiga makofi: You've got a nerve, madam!

Akageuka, kofia ingali mdomoni. Akaitoa taratibu, akaniuliza amenikosea nini.

Kumbe bila ile "a" ningekuwa nimemsifu, mtu wa moyo mkuu. Nikiweka "a" nimemwambia hana haya. Ndugu zangu, kidudu cha herufi moja! Sisi lugha yetu haina kidudu hicho, tutakiona wapi? Bahati nzuri alicheka sana. Hadi tunarudi mjini, kila nikimfungulia mlango ananiambia, "You've got a nerve."

Mama Nkuhungu
Mimi ni fupi. Ripoti ya mwanangu wa darasa la pili iliandikwa "bright but cheeky". Nikamwonyesha baba yake, tukakubaliana kwamba ni kweli, mtoto ana mashavu, kamrithi shangazi yake. Siku ya kikao cha wazazi ndipo mwalimu akanifafanulia kuwa cheeky si mwenye mashavu, ni mtoto wa majibu ya ujeuri kidogo: aliambiwa daftari lake ni chafu, naye akamuuliza mwalimu mbona ubao wake haujafutwa tangu jana.

Nilichokiona, cheeky husemwa huku msemaji anabana kicheko. Mwalimu wetu alikuwa anabana. Aliyeiba mamilioni hawezi kuitwa cheeky.

Mnunuzi wa kiwanja
Nyie mnacheka. Mimi nilinunua kiwanja nje kidogo ya mji, muuzaji akakiuza tena kwa mtu wa pili. Shauri liko kwa mtendaji, hata halijasikilizwa, jamaa ananipigia saa mbili usiku. Nikajua anaomba tuyamalize. Hapana. Ananikaribisha kwenye kamati ya harusi ya binti yake, na kiwango changu ameshakipanga, laki moja. Akaongeza, "Ukichelewa kaka, kadi zitakuwa zimekwisha."

Mfanyakazi mwenzangu Mmarekani nilipomweleza alisema neno moja tu: gall. Ni nyongo hiyohiyo mnayoijua. Wamarekani ndio waliolivuta kwenye maana hii, karne ya 19. Kwetu nyongo ni ya chuki, fulani katumbukia nyongo. Mwenye kuchinja mbuzi atanielewa: ikikupasukia mkononi, ini lote chungu. Kwa hiyo mimi naona gall ni neno la aliyedhulumiwa. Mtazamaji wa pembeni anaweza kusema audacity akaenda zake kulala. Gall unaisikia ulimini mwako mwenyewe.

Laki sijatoa. Kadi ameleta.

Mstaafu wa Kizota
Vijana wangu, hamjambo. Nilisoma seminari, Kilatini kilitupitia. Mmelisahau effrontery. Mzizi wake ni "asiye na paji la uso", yaani hana pa kuonyeshea haya. Wahenga wetu walisema uso umeumbwa na haya, wala hawakukaa darasa moja na Warumi. Hilo ni neno la kwenye maandishi, zito, usilitumie kwa mtoto wa Mama Nkuhungu.

Brazen nayo ni uso wa shaba, haubadiliki rangi hata ukiugonga. Nyinyi mtaani mnasema kauzu, dagaa aliyeanikwa juani hadi hana tone la maji. Mwingereza kaenda kwa mfua shaba, sisi tumeenda ziwani. Kwangu kauzu ni bora zaidi, maana linakutana na macho makavu.

Kisha kuna chutzpah, la Kiyidishi kutoka Kiebrania, na "ch" yake itoke kooni kama "kh" ya Alhamisi wanavyoitamka wazee wa pwani. Kuna kichekesho cha zamani cha Wayahudi: mtu kawaua baba na mama yake, amefika mahakamani analia ahurumiwe kwa sababu ni yatima. Hapo humpendi, ila mdomo unakuwa wazi. Marekani wamelilainisha hadi mfanyabiashara anasifiwa nalo. Wazee wenye neno lao wangeshangaa.

Mwenye steshenari
Shikamoo mzee wangu, hapo kwenye yatima umenimaliza.

Maana leo asubuhi nimefungua tu, kijana wa barua huyu hapa. Anataka nyingine, bure, kosa si langu? Sikubisha, nikakaa kwenye kompyuta. Nikiwa naandika akasogeza kiti karibu, akaniambia kwa upole kwamba barua ile ilimchelewesha, nafasi imejazwa, kwa hiyo nimpe na elfu tano ya nauli akajaribu Singida. Ile ya kwanza, wakuu, hajanilipa mpaka leo.

Nimempa elfu tatu.